Ziada ya sola saa sita mchana: uipeleke gridi, uiweke kwenye betri, au usiizalishe kabisa?

Mwenye duka la vyakula baridi, hoteli ndogo au karakana akiomba makadirio ya sola siku hizi, huletewa karatasi tatu zisizofanana. Ya kwanza ina paneli na inveta tu, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi. Ya pili inaongeza mita inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Ya tatu ina betri, na jumla yake humfanya mtu aketi chini kwanza. Zote zimeandikwa "utaokoa" mwishoni, na kila moja ni kweli kwa mteja wa aina fulani. Tofauti yao yote iko kwenye swali moja: paneli zikizalisha kuliko unavyotumia saa ile, ile ziada inakwenda wapi, na inakurudishia nini?

Uniti moja ina bei ngapi

Uniti inayotoka juu ya paa na kutumika saa hiyohiyo ina thamani kamili: hukuinunua. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wa daraja la T1 (nyumba na biashara ndogo), bei ni shilingi 292, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 unafika takriban 356. Ndiyo maana elfu moja ya LUKU, umeme wa malipo ya kabla, hutoa uniti 2.8. Kila uniti ya paa inayotumika papo hapo inakuachia hizo 356 mfukoni.

Mteja wa T2, daraja la watumiaji wakubwa zaidi, hesabu yake ni nyingine, na hapa ndipo makadirio mengi hudanganya bila kukusudia. Yeye hulipa shilingi 195 kwa uniti, kisha shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha nguvu yote inayovutwa kwa mpigo) ya kilele chake cha mwezi, kabla ya kodi. Kiwanda kinachotumia uniti 9,000 na kilele cha kVA 45 kinalipa 1,755,000 za uniti na 675,180 za kilele. Sola ikipunguza uniti kwa nusu, inaokoa 877,500. Ile 675,180 inaweza isiguswe hata kwa shilingi moja, kwa sababu kinachotozwa ni kilele kimoja tu, kile kikubwa kuliko vyote vya mwezi: ikiwa mashine zote huwashwa saa moja jioni, au wingu zito likifunika paa kwa nusu saa mchana wa kazi, kilele kimeshaandikwa. Kwa hiyo paneli ileile humlipa mwenye duka dogo haraka kuliko mwenye kiwanda. Fundi aliyegawanya bili nzima ya T2 kwa idadi ya uniti, akapata "bei ya wastani" na kuitumia kukokotoa akiba, amekuuzia ndoto.

Sasa tuipe uniti ya papo hapo alama 100, ili msomaji wa Nakuru na wa Mwanza watumie hesabu moja. Ziada iliyozuiwa isitoke ina alama 0. Ziada iliyopelekwa gridi nchini Kenya, chini ya kanuni za mwaka 2024 zilizotokana na Sheria ya Nishati ya 2019, ina alama 50: unapeleka uniti mbili, unarudishiwa moja kwenye bili. Ziada iliyopitia betri inaanzia alama 85 hivi, kwa kuwa karibu asilimia 15 hupotea ikiingia na kutoka, kisha unaondoa gharama ya kuchakaa kwa betri. Hiyo tutaikokotoa.

Kabla ya kuchagua, pima mchana wako

Usianze na ukubwa wa paa. Soma mita saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kwa wiki nzima, Jumapili ikiwemo. Gawanya tofauti kwa sita. Hicho ndicho kiwango cha kilowati unachotumia jua likiwa juu.

Chukua duka lenye majokofu ambalo siku za kazi linatumia uniti 36 katika saa hizo sita, yaani wastani wa kilowati 6, na Jumapili likifungwa majokofu peke yake yanavuta kilowati 1.5. Kwa sehemu kubwa ya Kenya na Tanzania, kilowati moja ya paneli hutoa uniti kama 4 kwa siku kwa wastani wa mwaka. Nairobi ya Julai, yenye mawingu, hutoa pungufu. Pwani hushuka wakati wa masika. Na usitarajie paneli za kilowati 10 zitoe kilowati 10: paneli yenye joto la nyuzi 60 na zaidi hupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu zake, vumbi na nyaya huchukua kidogo, na adhuhuri njema utaona 8 hivi.

Paneli za kilowati 6 zitatoa uniti 168 kwa wiki, na duka litatumia takriban 156 papo hapo. Ziada ni ya Jumapili tu. Paneli za kilowati 10 zitatoa 280, na duka litatumia kama 223. Usitazame wastani hapa. Tazama zile kilowati nne za nyongeza peke yake. Zimeongeza uniti 112, na duka limetumia 67 kati ya hizo. Ukizuia ziada isitoke, kila uniti ya nyongeza ina alama 60. Ukiwa na mita ya pande mbili ya Kenya, zile 45 zilizobaki zinarudi kama 22.5, na wastani wa nyongeza unapanda hadi alama 80. Huo ndio mchango halisi wa mita hiyo kwa duka hili: kutoka 60 hadi 80, na kwa paneli za nyongeza tu. Kwa zile kilowati 6 za mwanzo haileti cha kuonekana.

Shule ya bweni inayofungwa miezi mitatu kwa mwaka iko upande wa pili kabisa. Likizo nzima ni ziada, na huko mita ya pande mbili inaanza kuwa na maana.

Kwa ufupi, bega kwa bega

| | Bila betri, ziada imezuiwa | Mita ya pande mbili | Betri |
|---|---|---|---|
| Alama ya ziada | 0 | 50 (Kenya) | 45–60, ikitumika kila siku |
| Umeme wa gridi ukikatika | Inazimika | Inazimika | Inaendelea, kwa mizigo uliyoichagua |
| Kinachoharibu kwanza | Sensa iliyofungwa kinyume | Volteji kupanda mwisho wa laini | Mawasiliano ya betri na inveta |
| Inamfaa | Mzigo mkubwa wa mchana | Wikendi au likizo tupu | Kukatika kunakogharimu |

Mstari wa pili ndio unaowashangaza wanunuzi wengi. Inveta ya kawaida ya gridi hujizima mara gridi inapopotea, hata kama jua linawaka, kwa sababu isipofanya hivyo itapeleka umeme kwenye laini ambayo fundi wa shirika anaishika akijua imekufa. Paa zima la paneli, na duka giza saa saba mchana. Aliyenunua sola kwa kuchoshwa na kukatika kwa umeme, akauziwa mfumo usio na betri, hakununua alichokitaka.

Kuzuia ziada: rahisi, ila kuna kiwaya kimoja

Mfumo huu unategemea sensa ya mkondo inayozungushiwa waya mkuu karibu na mita. Inveta ikiona umeme unaanza kutoka, inapunguza uzalishaji. Sensa ina mshale. Ukifungwa kinyume, inveta inasoma kutoka kama kuingia, inaongeza nguvu badala ya kupunguza. Kwenye fezi tatu, sensa ya fezi ya kwanza ikiwekwa kwenye ya pili, matokeo ni ya ajabu vilevile. Jaribio ni la dakika mbili: izuie inveta isizalishe ila skrini ibaki hai, washa birika kubwa kwenye fezi moja, angalia kwenye skrini ya inveta kama fezi hiyohiyo ndiyo iliyopanda, na kwa alama ya kuingia. Rudia kwa fezi zote.

Kwa wenye mita za malipo ya kabla, kosa hili lina bei. Mita nyingi za aina hiyo huhesabu umeme unaotoka kama vile umeingia, na nyingine hujifunga zikidhani zimechezewa. Mtu anaweza kuizawadia gridi ziada yake na kukatwa tokeni kwa zawadi hiyo.

Kiwanda chenye mota kiangalie jambo jingine. Sola ya kawaida hutoa kilowati tu, haitoi kVAr, ile nguvu ya kujenga sumaku ambayo mota zinahitaji. Tuseme mzigo ni kilowati 80 na kVAr 40: pawa fakta, yaani sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi, ni 0.89. Sola ikileta kilowati 50, gridi inabaki kuleta kilowati 30 na kVAr zilezile 40. Pawa fakta iliyoonekana kwenye mita imeshuka hadi 0.6, na Kenya hutoza faini ikiwa chini ya 0.9. Hakuna kilichoharibika kiwandani. Ni hesabu imebadilika. Dawa ni kuongeza kapasita, au kuiseti inveta itoe sehemu ya kVAr, jambo ambalo inveta nyingi za fezi tatu zinaweza. Liandikwe kwenye mkataba wa kazi kabla ya malipo ya mwisho.

Mita ya pande mbili: soma masharti kabla ya kusoma bei

Kenya inaruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi MW 1. Unaomba kwa Kenya Power, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya. Kwa sola iliyounganishwa na gridi, daraja la leseni hiyo ni T3 (si daraja la bei). Ukipeleka umeme bila mkataba, hupati uniti wala shukrani. Na unachopata ni punguzo la uniti kwenye bili, si fedha taslimu, kwa hiyo kujaza paa ili "uuze umeme" ni kujitengenezea salio lisilo na mnunuzi.

Kwa nini nusu, si uniti kwa uniti? Mtu anaweza kulalamika, lakini upande wa pili nao una hesabu zake. Kilele cha Kenya, kilichokwisha kupita MW 2,300, hutokea jioni, kati ya saa moja na saa tatu usiku. Uniti yako ya adhuhuri haipunguzi hitaji la mtambo hata mmoja saa hiyo. Nguzo, transfoma na malipo ya mitambo ya mvuke ya Olkaria na mingineyo hubaki palepale, na yamefichwa ndani ya bei ya uniti. Mwenye sola akirudishiwa uniti nzima, anatumia gridi kama ghala la bure na jirani asiye na paa lake mwenyewe ndiye anayelipia ghala. California ilianza kwa ukarimu huo, kisha Aprili 15, 2023 ikakata malipo ya ziada kwa wateja wapya kwa takriban robo tatu, na wanunuzi wakahamia kwenye betri. Nusu ya Kenya ni wastani wa kisiasa kati ya pande hizo, na mimi naiona ya haki kuliko inavyosemwa. Ila usipige hesabu ya miaka kumi ukidhani nusu hiyo haitaguswa.

Tatizo la kiufundi linalokera zaidi hapa ni volteji. Ukisukuma umeme kwenye laini ndefu na nyembamba, volteji ya kwako inapanda. Laini ya volti 240 ambayo tayari iko juu mchana, kwa kuwa majirani hawatumii, inafika mahali inveta inajizima kwa kinga. Utaona mchoro wa uzalishaji wenye meno ya msumeno kati ya saa tano na saa nane, yaani saa ambazo ulitarajia kuuza. Kabla ya kusaini, pima volteji adhuhuri ya Jumapili kwa siku kadhaa. Ikiwa inagusa 250 kabla hata hujaweka paneli, uko mwisho wa laini. Ziada yako haitatoka, mkataba uwepo usiwepo.

Betri: zinunuliwe kwa sababu sahihi

Betri ya kawaida sokoni ya lithiamu-chuma-fosfeti ni volti 51.2 na Ah 100, sawa na uniti 5.12. Ukitumia asilimia 90, una uniti 4.6 kwa mzunguko. Karatasi ya kiwandani husema mizunguko 5,000 hata 6,000, lakini mzunguko mmoja kwa siku kwa miaka kumi ni 3,650 tu, na uwezo unapungua njiani. Hesabu ya tahadhari ni uniti 15,000 kwa maisha yake. Tuseme umeinunua kwa shilingi 140,000 za Kenya na uniti ya gridi inakugharimu 25. Kuchakaa ni shilingi 9.3 kwa uniti. Uniti 1 ya ziada inatoka kama 0.85, yaani shilingi 21.25, ondoa 9.3, unabaki na karibu 12. Mita ya pande mbili ingekupa 12.50 bila betri yoyote. Weka bei uliyopewa wewe mahali pa hizo 140,000 na 25, jibu litasogea, lakini mara chache litasogea mbali. Na ukikopa kwa riba ya benki zetu, linasogea upande mbaya.

Kwa hiyo betri ikinunuliwa ili kuokoa bili peke yake, inapigana sare na mita ya bei ndogo. Kiwanda cha Kenya kilicho kwenye mpango wa bei ya usiku, ambapo uniti za kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi hutozwa nusu baada ya kufikia kiwango cha matumizi kilichowekwa, kina sababu ndogo zaidi: hakuna faida ya kubeba uniti ya mchana hadi usiku wenye nafuu.

Sababu ya kweli ya betri ni kukatika kwa umeme. Gridi nzima ya Kenya ilizimika Ijumaa ya Agosti 25, 2023 usiku. Ya Tanzania usiku wa kuamkia Aprili 1, 2024. Saa hizo paneli hazina msaada, betri zina. Lakini yale makubwa ya kitaifa si kipimo kizuri. Weka daftari la miezi mitatu: umeme ulikatika lini, kwa muda gani, na nini kiliharibika au hakikuuzika. Bucha linalopoteza nyama ya shilingi laki tatu kwa mwezi halihitaji mjadala wa alama 45 au 60. Ofisi ya kompyuta mpakato nne na ruta inahitaji betri moja ndogo, basi.

Ukubwa wake ufuate mizigo muhimu tu, iliyotengwa kwenye boksi lake la breka. Majokofu ya kilowati 1.5 kwa saa nne ni uniti 6; ukihesabu hasara ya inveta na asilimia 90 ya kina, unahitaji uniti 7.4, maana yake betri mbili za 5.12. Kompresa ikianza huvuta mara tatu hadi sita ya mkondo wake wa kawaida, kwa hiyo inveta ya kilowati 2 itaanguka kila jokofu linapowaka, chukua 5. Mashine ya kukoboa yenye mota ya kilowati 7.5 usiiweke kwenye boksi hilo kamwe.

Betri za asidi za volti 12 na Ah 200 zinaonekana rahisi: uniti 2.4. Lakini ukivuka nusu unaziua, kwa hiyo una 1.2, na katika chumba cha joto maisha yake hufupika vibaya. Kwa kazi ya kila siku, ni ghali kuliko lithiamu. Kwa kukaa zikisubiri kukatika mara mbili kwa mwezi, bado zina hoja.

Hitilafu ya kawaida ya lithiamu haiko ndani ya betri bali kwenye waya wa mawasiliano. Fundi akichomeka kebo isiyo ya jozi hiyo ya betri na inveta, inveta inarudi kukisia chaji kwa volteji. Volteji ya aina hii ya betri hubaki karibu palepale kutoka asilimia 80 hadi 20, kwa hiyo skrini inasema nusu, na saa nane usiku yote inazimika. Kwenye skrini tafuta asilimia inayotoka kwenye betri yenyewe. Ukikuta nambari ya volti tu, usimlipe fundi bado. La pili ni nyutro: umeme ukikatika, inveta lazima iunganishe nyutro na ardhi upande wa mizigo, la sivyo breka ya kinga ya umeme unaovuja haitaruka mtu akishika waya. Kitufe chake cha majaribio hakionyeshi hilo; fundi aipime kwa kifaa chake ukiwa umezima gridi.

Jenereta nayo bado ina nafasi yake. Inakula dizeli lita 0.3 hadi 0.4 kwa uniti ikiwa na mzigo mzuri, zaidi ya hapo ikiwa na mzigo kidogo, hivyo kwa saa nyingi ni hasara. Kwa mota kubwa na kukatika kwa nadra, ni nafuu kuliko rundo la betri. Ikiunganishwa na sola, inveta izuiwe ili jenereta ibaki na angalau asilimia 30 ya mzigo. Sola ikiisukuma kinyume, itazimika au kuharibika.

Karatasi ya nne: sola isiyo yako

Kampuni inaweka paneli kwa gharama yake, wewe unanunua uniti kwa bei iliyo chini ya gridi, miaka kumi na mitano au zaidi. Swali ni moja: unalipia uniti zilizotumika au zilizozalishwa? Duka letu la kilowati 10 linaacha uniti 57 kati ya 280. Ukiuziwa kwa asilimia 70 ya bei ya gridi na kulipia zote, kila uniti uliyoitumia imekugharimu asilimia 88. Kenya yenyewe iliwahi kunaswa na sharti la jinsi hii kwa ukubwa wa taifa: mitambo ya upepo ya MW 310 ya Ziwa Turkana ilikuwa tayari kabla ya laini ya Loiyangalani hadi Suswa kukamilika mwaka 2018, na fidia ya umeme usiosafirishwa ikalazimika kulipwa.

Omba kifungu kiseme "zilizotumika", au ukubwa wa paneli ushushwe kwa kuhesabu pia mzigo wako mdogo wa Jumapili. Na kiseme wazi nani anabeba hasara gridi inapokatika na inveta kujizima saa sita mchana, maana kampuni itaona ni uniti zake zilizopotea, nawe utaona ni giza lako.